Kutoka Kombeo hadi Softiboli: Historia ya Shabaha ya Mkono Usambara

Ulingo, kabla haujawa jukwaa la mabondia, ulikuwa jukwaa la watoto. Kamusi za zamani za Kiswahili zinaueleza kuwa ni dungu: miti michache iliyofungwa pamoja na kuinuliwa juu ya usawa wa mazao, mahali ambapo mlinzi huketi akaliona shamba lote. Kazi yake ni kuamia, yaani kufukuza ndege na wanyama wasile kilichopandwa. Silaha zake ni sauti yake mwenyewe, debe la kugonga, na kombeo, ambalo wengine huliita teo. Maneno hayo yanatosha kuonyesha kwamba kulenga kwa mkono katika Afrika Mashariki kulikuwa na mahali pake, vifaa vyake na msimu wake muda mrefu kabla ya mwalimu yeyote kuchora kiwanja kwa chokaa.

Katika milima ya Usambara kazi hiyo ilikuwa na uzito wa pekee. Mashamba ya Wasambaa yako miteremkoni, na msitu hauko mbali. Nyani, ngedere na kima hushuka mchana. Nguruwe mwitu huja usiku. Chini ya milima, kwenye mabonde ya mpunga upande wa Mombo, adui ni ndege, hasa kwelea kwelea, ambao wakitua kwa wingi huacha mabua matupu. Mtu mzima ana jembe la kushika kwingine. Anayeachiwa shamba lililokaribia kuiva ni mtoto, na mtoto asiye na shabaha hugharimu nyumba nzima.

Hata simulizi ya dola ya Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara, huanzia kwenye mazao yaliyoliwa. Mapokeo, ambayo Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy aliyaandika kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, yanamweleza Mbegha kuwa mwindaji kutoka Ngulu aliyepanda Usambara na mbwa wake na mikuki yake. Aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akagawa nyama, akapendwa. Baadaye akaua simba, na jina la Simba Mwene likabaki kuwa jina la heshima la wafalme wa Vugha, makao yao makuu. Wanahistoria huweka kuja kwake katika nusu ya kwanza ya karne ya 18, na Steven Feierman, aliyechapisha kitabu chake kuhusu ufalme wa Wasambaa mwaka 1974, ameonyesha jinsi masimulizi hayo yalivyobeba fikra za watu juu ya utawala kuliko orodha ya matukio. Hata yakisomwa hivyo, jambo moja halifutiki: walipotaka kueleza kwa nini mgeni alistahili kutawala, Wasambaa walimchagua mtu ambaye mkono wake uliokoa mashamba. Kwamba jina lake linafanana na la mbega, kima mweusi na mweupe wa misitu hiyohiyo, ni jambo la kufurahisha tu. Yeye hakuwa mwizi wa mahindi.

Mkuki wa mwindaji ulikuwa wa watu wazima. Kombeo lilikuwa la wadogo, na inafaa kueleza linavyofanya kazi, kwa sababu hesabu yake inarudi mbele katika mchezo ambao hakuna mlinzi wa ulingoni aliyeujua. Kombeo ni kamba mbili zilizoungana kwenye kifuko. Ncha moja ina kitanzi kinachovikwa kidoleni. Ncha ya pili hubanwa kati ya kidole gumba na cha shahada. Jiwe hutiwa kifukoni, kombeo huzungushwa, na ncha iliyobanwa huachiwa. Hapo jiwe haliendelei kuzunguka. Huondoka kwa mstari, kuelekea upande uleule lilikokuwa likienda wakati wa kuachiwa.

Kwa hiyo nguvu si shida ya mwenye kombeo. Kamba humwongezea mkono urefu ambao hakuzaliwa nao. Shida yake ni wakati. Akizungusha juu ya kichwa, kuwahi au kuchelewa kuachia hulipeleka jiwe kushoto au kulia. Akizungusha ubavuni, mkono ukitoka nyuma, ukipita chini na kuja mbele, kuwahi hulibamiza jiwe chini karibu na miguu yake mwenyewe, na kuchelewa hulipeleka mawinguni. Makosa karibu yote ya mtoto wa ulingoni yamo humo.

Ukoloni haukuondoa kazi ya kuamia, ila uliisogeza. Sheria ya misitu ya Wajerumani ya mwaka 1904 iliruhusu misitu kutengwa kuwa hifadhi, na Usambara ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoguswa mapema. Msitu wa Magamba, juu ya mji wa Lushoto ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, uko chini ya ulinzi hadi leo. Shamba linalopakana na hifadhi lina jirani asiyehama: mkulima hawezi kuufyeka msitu, na nyani hawezi kuelezwa mpaka uko wapi. Wakati huohuo mtoto alianza kuitwa kwingine. Wamisionari wa Bethel walifungua kituo chao Mlalo mwaka 1891, na shule zikafuata kwenye milima. Katika miaka mingi ya shule hizo mahudhurio yalipanda na kushuka kwa kufuata msimu wa shamba, jambo ambalo mwalimu yeyote wa kijijini analifahamu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, Tanzania ilipoweka lengo la kumwingiza kila mtoto darasani ifikapo mwaka 1977, ulinzi wa mazao ukabaki kuwa kazi ya jioni, ya Jumamosi na ya likizo.

Kombeo nalo likapata mpinzani. Mipira ya ndani ya matairi ilipoanza kupatikana, watoto walikata vipande, wakavifunga kwenye panda ya mti, wakapata manati. Manati ni rahisi zaidi kujifunza kwa sababu inatenganisha kulenga na kurusha: jicho hutazama kati ya pembe mbili, mkono huvuta, mpira hufanya yaliyobaki. Ndege wengi wamekufa kwa uvumbuzi huo. Lakini kwa upande wa mwili wa mrushaji manati haifundishi kitu. Hakuna hatua ya mguu, hakuna nyonga, hakuna bega.

Elimu ya mwili mzima ilihamia kwenye uwanja wa shule, na huko ikaangukia zaidi mikononi mwa wasichana. Sababu zake si za ajabu. Wavulana walipewa mpira wa miguu, na hata bila mpira wa dukani walikuwa na chandimu yao. Wasichana, kuanzia wakati wa Waingereza, walipewa mpira wa pete, mchezo uliozaliwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19 kutokana na mpira wa kikapu, wenye pete iliyoinuliwa mita 3.05 na sheria inayomkataza mwenye mpira kukimbia nao. Asiyeweza kukimbia na mpira lazima aurushe, na lazima aurushe pale mwenzake anapofika, si pale alipo. Mpira wa pete umekaa muda mrefu katika mashindano ya shule za msingi ya UMITASHUMTA na ya sekondari ya UMISSETA.

Mchezo uliofundisha zaidi, hata hivyo, haukuletwa na mwalimu yeyote. Ni rede. Wachezaji wawili husimama pande mbili, wakitazamana, na wa tatu au kundi zima huwa katikati. Walio nje hurushiana mpira kwa nia ya kumpiga aliye kati; aliye kati hukwepa. Akiguswa ametoka. Kuna namna ambayo aliye kati hupaswa kujaza chupa mchanga huku akikwepa, na nyingine ambayo hupanga makopo. Sheria hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa, na ugomvi juu ya sheria ni sehemu ya mchezo. Kenya mchezo wa ukoo huu huitwa kati. Uganda huitwa kwepena, na mwenye Kiswahili hahitaji mkalimani kusikia kukwepa ndani yake.

Mpira wenyewe hutengenezwa. Matambara, soksi iliyotoboka, majani makavu ya mgomba, mifuko ya plastiki, vyote vimetumika, vikafungwa kwa kamba yoyote iliyopo. Chini ya Usambara kamba ina historia yake: mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ukaenea katika tambarare zinazopitiwa na reli ya Tanga, na uzi wa katani ukawa kitu cha kuokota. Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, watoto walipoteza malighafi nyepesi kuliko zote. Soksi hazikupigwa marufuku.

Thamani ya rede kwa shabaha iko kwenye adhabu yake. Mrushaji akikosa, mwenzake wa upande wa pili ndiye anayeudaka mpira, na mchezo unaendelea bila kusimama. Akikosa sana, mpira unampita hata mwenzake. Katika mji wa tambarare, hiyo ni hasara ya hatua ishirini. Lushoto, mji ulio kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako shule nyingi zina kiwanja kilichochongwa ubavuni mwa mlima, mpira uliopotea hutafutwa bondeni. Mazingira ya namna hiyo hufundisha usawa wa kurusha vizuri kuliko hotuba. Mrushaji wa rede hujifunza kutupa mpira ukiwa chini na umenyooka, kulenga kiuno na miguu, na kumtazama aliye kati badala ya kuutazama mpira wake mwenyewe. Hujifunza pia kudanganya, yaani kuinua mkono bila kuachia.

Kwamba mrushaji anaweza kujisahihisha bila mwalimu si jambo la kubuni. Julius Yego wa Kenya, aliyekulia Nandi, alijifunza sehemu kubwa ya ufundi wa mkuki kwa kutazama video za intaneti, akawa bingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72, na mwaka uliofuata akapata medali ya fedha ya Olimpiki Rio de Janeiro. Lakini mkuki hupimwa kwa umbali. Kuanguka mita moja kushoto hakumpunguzii mrushaji kitu ilimradi ubaki ndani ya eneo lake. Mchezo unaompima kijana kwa sentimita ulikuja Tanzania kwa njia nyingine kabisa.

Softiboli ilizaliwa ndani ya nyumba. Mwaka 1887, katika klabu ya mashua mjini Chicago, vijana waliokuwa wakisubiri matokeo ya mchezo mwingine walianza kurushiana glavu ya ngumi, na mmoja akaipiga kwa fimbo. George Hancock aliifunga glavu hiyo kwa kamba zake ikawa mpira, akachora kiwanja sakafuni. Kwa maneno mengine, mpira wa kwanza wa softiboli ulikuwa ndugu wa mpira wa rede. Jina la softiboli lilipendekezwa mwaka 1926. Mpira ni mkubwa kuliko wa besiboli, kiasi cha sentimita 30.5 kwa mzunguko, na lazima urushwe kwa mkono wa chini. Sheria hiyo ilikusudiwa kuufanya mchezo uwe mpole. Warushaji wakaigeuza: wakaanza kuuzungusha mkono mzima kama pangaboi, kutoka mbele kwenda juu, nyuma, chini, na kuachia mpira unapopita pajani. Softiboli ya wanawake iliingia Olimpiki mwaka 1996 huko Atlanta, ikaondolewa baada ya Beijing mwaka 2008, ikarudi Tokyo. Katika michezo ya Beijing, Yukiko Ueno wa Japani alirusha mipira 413 katika mechi tatu ndani ya siku mbili, na Japani ikachukua dhahabu.

Ni Wajapani pia waliousukuma mchezo huo Tanzania. Kuanzia mwanzoni mwa muongo wa 2010, kwa juhudi za wafanyakazi na wajitoleaji kutoka Japani, besiboli na softiboli zilianza kufundishwa katika baadhi ya shule za sekondari. Mashindano ya kitaifa yakafuata, na mwaka 2018 uwanja uliojengwa kwa msaada wa Japani ukafunguliwa katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam. Wavulana walipata besiboli, wasichana softiboli.

Hapo ndipo kombeo linaporudi. Mrushaji wa softiboli ni mwenye kombeo ambaye kamba yake ni mkono wake mwenyewe. Duara ni la wima, ubavuni, na makosa ni yaleyale ya ulingoni: aliyewahi kuachia hupeleka mpira chini, aliyechelewa huupeleka juu. Ukali wa jambo hili huonekana kwa hesabu rahisi. Msichana mwenye mkono wa nusu mita na zaidi kidogo, anayerusha kwa mwendo wa mita 15 kwa sekunde, mkono wake huzunguka kwa takriban nyuzi 1,500 kwa sekunde. Kosa la sekunde moja kugawanywa kwa elfu moja hubadili mwelekeo kwa nyuzi moja na nusu. Kwa umbali wa mita 12.2, ambao hutumiwa Marekani kwa wasichana wa chini ya miaka 12, hizo ni zaidi ya sentimita 30 juu au chini. Kwa upana, bamba la ardhini analorushia lina sentimita 43, kwa hiyo mpira uliolengwa katikati ukapotoka kwa nyuzi moja tu hufika ukingoni.

Kwa sababu hiyo walimu wenye uzoefu hawamwambii mtoto alenge vizuri. Kumwambia hivyo ni kumwambia mgonjwa apone. Kwanza huangalia mipira inakosea upande gani, tena kwa mipira kumi au ishirini, kwa kuwa mpira mmoja hausemi kitu. Ikienda juu na chini, tatizo ni wakati wa kuachia, au kiwiliwili kinachoinama mbele au kurudi nyuma na kulibeba duara lote pamoja nacho. Ikienda kushoto na kulia, tatizo ni duara lenyewe kuacha mstari: mkono umefunguka mbali na mwili, au nyonga imeuzuia njia, au mguu wa mbele umekanyaga pembeni. Dawa nafuu kuliko zote ya kosa hili la pili ni mstari wa majivu kutoka mguu wa mrushaji hadi kwenye shabaha. Alama ya kiatu husema yenyewe kama hatua imepotea.

Kosa la wakati halina dawa ya mara moja. Hurekebishwa kwa kuufumua mrusho na kuusuka upya kuanzia mwisho. Mrushaji husimama mita tatu au nne kutoka ukutani, akarusha kwa kiganja peke yake. Akizoea, huongeza nusu duara, kisha duara kamili akiwa amesimama, mwisho hatua. Umbali huongezwa polepole. Kishawishi cha kila mzazi ni kumwambia binti apunguze kasi ya mkono, na mara nyingi hilo huharibu zaidi, kwa sababu mkono unaokwenda polepole una wakati mwingine wa kuachia. Siku ya mechi atarudisha kasi na kosa litarudi nayo. Heri kusogeza shabaha karibu na kuuacha mkono na kasi yake. Tena hurekebishwa kitu kimoja kwa wakati. Msichana aliyeambiwa kwa siku moja juu ya mguu, nyonga, kiwiko na kiganja hatarusha vizuri, na hatajua kwa nini.

Kuna kosa ambalo si kosa. Msichana wa miaka kumi na miwili anaweza kurefuka sana katika muda mfupi, na mkono uliorefuka ni kombeo jipya; shabaha aliyokuwa nayo Januari humtoroka ifikapo Agosti. Hilo hupita, mradi asilazimishwe kufidia kwa mipira mingi zaidi. Vipimo vilivyofanywa Marekani miaka ya 1990 vilionyesha kwamba mzunguko wa pangaboi hulivuta bega kwa nguvu zinazokaribia zile za besiboli, kinyume cha imani ya muda mrefu kwamba kurusha kwa chini hakuumizi. Mipira 413 ya Ueno ni ya kustaajabiwa, si ya kuigwa na mtoto.

Mrushaji aliyetoka kwenye rede huingia softiboli na deni na mtaji. Deni ni mkono wa juu: amezoea kutupa kutoka begani, kiwiliwili kikigeuka kwa nguvu, na akijaribu duara la chini mwili bado hugeuka mapema na kuupeleka mpira upande. Mtaji ni jicho. Hahitaji kufundishwa kumtazama anayelengwa mpaka mwisho, wala kuogopa kukosa mbele ya watu.

Vifaa vya kuanzia si vingi. Mpira wa matambara uliokazwa vizuri hadi kufika sentimita 28 au 30 kwa mzunguko unatosha kwa mazoezi ya ukutani. Ukutani huchorwa mstatili wenye upana wa sentimita 43, kutoka magoti hadi makwapa ya msichana wa kimo cha wastani, na chini hupigwa mstari wa majivu wa mita 10.7 kwa wadogo au 12.2 kwa wakubwa kidogo. Shule ya Lushoto yenye ukuta mmoja mzima na kipande cha tambarare cha urefu huo inaweza kuanza Jumatatu.